Trekta Dogo na Ngoro

Watu huniuliza, "Mwalimu, chombo chako chafaa kazi gani katika nchi ya vilima kama hii?" Nami huwajibu: chafaa kazi nyingi, lakini si zote.

Chombo chenyewe ni trekta dogo lenye magurudumu mawili, nalo huitwa pawatila. Mwenye kuliendesha hutembea nyuma yake, ameshika vishikio viwili. Matrekta haya yalienea Tanzania baada ya mwaka 2009, serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza. Likifungwa jembe, hulima. Likifungwa tela, huchukua magunia ya mahindi na kahawa. Likifungwa pampu, huvuta maji. Katika mashamba ya tambarare hapa Kigonsera, huwapumzisha watu wengi migongo yao.

Lakini tukipanda kwenda Mbinga na Litembo, mambo hugeuka. Trekta likikatiza mteremko mkali, uzito wake huelemea upande wa chini, hata likapinduka. Likilima toka juu kwenda chini, kila mfuo wake huwa njia ya maji. Mvua ikinyesha, udongo huchukuliwa mpaka mtoni.

Wamatengo walijua dawa ya jambo hili kabla ya kuja injini, nayo ni ngoro. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani hayo. Hivyo hubaki shimo lililozungukwa na matuta manne. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu ufuatao mahindi. Maji hutulia shimoni, udongo hautoroki, na majani yakioza huwa mbolea.

Basi jirani yangu mmoja alinijia na fedha mkononi, akasema, "Mwalimu, nilimie shamba la ngoro la mama. Vijana wameondoka, naye amechoka." Maneno yake yalinigusa, maana kazi ya kuchimba ngoro ni nzito kweli, na mzigo mkubwa ni wa wanawake. Hata hivyo nilizikataa fedha zile. Tulikwenda sote na majembe ya mkono, ndugu na jirani, tukachimba. Wakati wa mavuno ndipo trekta lilipofanya kazi yake: lilingoja chini ya mlima, likachukua magunia mpaka nyumbani kwa mama.

Watoto, pendeni vyombo vipya, lakini kwanza itazameni ardhi. Fedha ya kununua trekta yaweza kupatikana tena. Udongo uliokwisha kuchukuliwa na mto haurudi mlimani.