Baridi ya Mlima Kenya na Miguu ya Msafiri

Asafiriye kwa barabara kuu kutoka Embu kwenda Meru hupita Runyenjes na Chuka, na Mlima Kenya huwa mkono wake wa kushoto. Mashamba ya chai na kahawa humsahaulisha kwamba huko juu, karibu na mstari wa Ikweta, iko nchi ambayo maji huganda usiku.

Njia ya kupanda kwa upande wa mashariki huanzia Chogoria, mji ujulikanao kwa hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1922. Njia hiyo hupenya msitu, kisha mianzi, na kufika kwenye lango la Hifadhi ya Taifa, kiasi cha meta 3,000 juu ya bahari. Mbele yake ni nyasi ndefu zenye umande mzito. Wengi hudhani kwamba baridi huwangojea karibu na kilele cha Lenana, meta 4,985. Sivyo. Adui humshika mtu huku chini, kwa kumlowesha suruali hata magotini. Na usiku uingiapo, suruali ile ile ndiyo imgandishayo.

Sababu yake ni kwamba maji huondoa joto la mwili upesi sana kuliko hewa. Nguo ya pamba ikilowa hushikamana na ngozi na kukawia kukauka. Sufu hushika hewa katika nyuzi zake, na hata ikiwa na unyevu huhifadhi joto. Basi mwenye busara huvaa sufu miguuni, na juu yake suruali isiyopenya upepo wala mvua. Tena hufunga mkobani soksi na suruali kavu, asizivae ila wakati wa kulala. Asubuhi huzirudisha mkobani, ingawa ni taabu kuvaa tena zilizo mbichi.

Mwili nao una desturi yake. Kifua kikipoa, damu hupungua miguuni ili kuulinda moyo. Kwa hiyo mwenye kichwa wazi na tumbo tupu hatapata joto hata akivaa soksi tatu. Na soksi nyingi katika kiatu chembamba huzuia damu kupita. Pombe hudanganya: huleta damu kwenye ngozi, na joto likapotea nje. Vidole vikifa ganzi, visisuguliwe wala visiwekwe motoni, maana vitaungua bila mwenyewe kuhisi. Vipashwe moto polepole kwa mwili wa mwenziwe.

Haya yawahusu zaidi vijana wachukuao mizigo ya wageni. Mara nyingine mzigo hufungwa vizuri usilowe, na aubebaye ana suruali moja tu ya pamba. Aajiriye mpagazi na amtazame miguu kabla ya kumpimia mzigo. Na mpagazi asione haya kudai nguo, kwani ujira haununui kidole kilichokatwa.

Juu ya bonde la Gorges, karibu na ziwa Michaelson, huota senesio, mmea mkubwa wenye shina kama mti. Majani yake yakifa hayaanguki. Hulizunguka shina kama blanketi, na sakitu ya usiku hailidhuru. Mmea huo hauwezi kuikimbia baridi, wala haupigani nayo. Huvaa tu, nao huishi miaka mingi.