Jina Ndani ya Jalada

Ndugu msomaji, ukimaliza mistari hii michache, kifunge kitabu hiki kidogo. Lipapase jalada lake. Kigeuze, uutazame mgongo wake, mahali kurasa zilipofungwa pamoja. Kisha kifungue tena, nikusimulie habari za kitabu kingine.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mkulima wa pamba karibu na Ziwa Victoria. Utotoni hakupelekwa shule. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika kisomo cha kufuta ujinga cha miaka ya 1970. Jioni, baada ya kutoka shambani, walikaa na mwalimu wao chini ya mwembe. Kitabu chao cha kwanza kilifundisha kusoma na kilimo cha pamba kwa pamoja.

Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu cha kampeni, wakajadiliana. Kisha walikwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba zao. Mwezi wa Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa kisomo nchi nzima. Bibi alifaulu. Siku aliyopata habari hiyo, alichukua kitabu chake cha Mtu ni Afya. Ndani ya jalada la nyuma aliandika jina lake kwa wino. Herufi zilikuwa kubwa, zimeinama kama mabua yaliyopigwa na upepo.

Bibi alikuwa na vitabu vitatu tu. Alivifunga katika kipande cha kanga, akaviweka ndani ya sanduku la bati. Sanduku lenyewe lilikaa juu ya mawe manne, ili mchwa wasilifikie. Masika yakiisha, alivitoa akavianika kivulini. Hakuvianika juani, maana jua kali hula rangi na kukausha karatasi. Kabla ya kuvishika alinawa mikono.

Jirani mmoja alimcheka. Alimwuliza, "Umekwisha kuvisoma, unavitunzia nini?" Bibi akamjibu, "Jembe likilima msimu mmoja, wewe hulitupa?"

Mimi nilikuwa na miaka 11. Siku za gulio nilikwenda kuuza karanga za kukaanga. Siku moja nilikosa karatasi za kufungia. Nikalifungua sanduku la Bibi. Nilichana kurasa za Mtu ni Afya, nikakunja vifuko. Jalada lilikuwa gumu, nikaona linafaa kwa vifuko vikubwa. Karanga zote ziliisha. Nilirudi nyumbani nikipiga mbinja, fedha mkononi.

Siku zote Bibi aliniita "mume wangu", kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao. Siku ile aliniita kwa jina langu. Hakunipiga. Aliniuliza swali moja tu: "Jina langu umemwuzia nani?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilikwenda gulioni alfajiri. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Takataka zilikuwa zimechomwa.

Nilipokua nilisomea cheti cha elimu ya watu wazima, nikaajiriwa. Katika safari zangu za vijijini nilianza kukusanya vitabu vya kisomo cha zamani. Vingine nimevikuta chini ya vitanda. Vingine nimevinunua dukani vikingoja kufungia chumvi. Sasa ninavyo 27. Kimoja kina doa la mafuta ya taa katika kila ukurasa. Katika kingine, baba fulani aliandika siku walizozaliwa watoto wake. Katika kingine kuna hesabu ya deni la mbuzi wawili.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la Bibi. Kiwandani vitabu hutoka mia au elfu, vyote sawa. Lakini kikishaingia mikononi mwa mtu, kitabu huwa kimoja tu. Hakuna kingine kama hicho duniani.

Watu wa pwani yetu waliyajua haya tangu zamani. Tenzi nyingi za Kiswahili ziliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, zikatunzwa majumbani. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akizikusanya. Leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina kubwa ya maandishi hayo. Kama wenye nyumba wangefungia bidhaa kwa karatasi zile, Allen angekusanya nini?

Ndugu msomaji, kukusanya vitabu si kazi ya matajiri. Vitabu vitatu vyatosha kuanzia. Kivalishe kitabu chako karatasi ya kaki au gazeti. Usilowanishe kidole kwa mate unapofunua kurasa, wala usikunje pembe. Ukurasa ukichanika, usiuzibe kwa utepe wa plastiki wenye gundi. Baada ya miaka gundi hiyo hugeuka rangi na kuiharibu karatasi. Kitabu kikae juu, mbali na sakafu, mahali pakavu panapopita hewa. Mara kwa mara kifunue uangalie wadudu.

Bibi alifariki mwaka 2011. Kabla ya hapo alirudia kuniita "mume wangu", lakini sanduku lake alilitia kufuli. Hata leo, nikipata Mtu ni Afya, hugeuza kwanza jalada la nyuma. Najua jina lile halimo. Niliuza mimi mwenyewe, pamoja na karanga.

Basi chukua kalamu. Fungua ndani ya jalada la nyuma la kitabu hiki. Andika jina lako na mwaka. Wino ukishakauka, mwonyeshe mjukuu wako mahali unapokiweka, na umweleze kwa nini.