Sekunde kumi na sita

Bukavu. Ilikuwa siku ya jumamosi, mwezi wa tatu, mvua inapiga mabati mpaka mtu analazimika kupaza sauti. Katika chumba kimoja cha chuo cha uhandisi hapa mjini, wanafunzi tisa walikuwa wananiangalia na mimi ninawaangalia. Mwalimu wao alikuwa amenipigia simu juma lililotangulia: « Kaka, wewe unasoma habari kwenye redio kila siku, tena Kiingereza unakijua. Njoo unisaidie na hawa vijana. » Walibaki na majuma manne kabla ya kueleza kazi zao kwa Kiingereza, kwa njia ya intaneti, mbele ya majaji wa inchi jirani. Kundi litakalochaguliwa lingepewa pesa kidogo za kuendeleza kazi yake.

Nilikubali haraka mno. Mimi si profesa. Nilimaliza shule ya sekondari, nikafuata mafunzo ya uandishi wa habari, na Kiingereza changu nilikiokota Kampala, mwaka mmoja na nusu nikiishi kwa shangazi yangu. Juu ya uhandisi ninajua tu ni barabara gani za Bukavu zinazoteremka na mvua.

Lakini shida ya hao vijana ninaijua. Hapa kwetu masomo ni kwa Kifaransa toka shuleni mpaka chuo kikuu. Kiingereza kinakuja saa chache kwa juma, na mara nyingi ni sarufi peke yake. Halafu siku moja mwanafunzi anagundua kwamba maandishi mengi ya kisayansi juu ya ziwa Kivu, hili tunaloliona kila asubuhi, pamoja na gesi iliyo ndani yake, yameandikwa kwa Kiingereza. Tangu inchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mikutano nayo imeongezeka, na huko usipojua Kiingereza unakaa kimya ukichekacheka.

Kundi la kwanza lilikuwa la vijana watatu, msemaji wao ni msichana mmoja mpole sana. Walikuwa wamepima maji ya chemchemi moja ya komine ya Kadutu, pale ambapo wamama na watoto wanapanga bidoni toka saa kumi za usiku. Mpango wao ulikuwa wa kujenga tangi la kuhifadhi maji yanayopotea usiku kucha. Alinipa karatasi yake. Aliandika kwanza kwa Kifaransa, kisha simu ikamtafsiria.

Nilisoma mara mbili. Sentensi ya kwanza ilianza na umuhimu wa maji kwa binadamu, ikapita kwa Umoja wa Mataifa, ikashuka Afrika, ikaingia Kongo, na nilipofika chini ya karatasi bado sijafika Kadutu. Ndivyo tunavyofundishwa: kuzunguka mlima kabla ya kupanda. Mahali pa mtiririko wa maji, yaani « débit », aliandika « debit ». Kwa Kiingereza hilo ni neno la benki, la pesa zinazotoka kwenye akaunti. Mwenzake wa kundi la pili, aliyepima zege lenye vyuma, alikuwa ameandika « armed concrete », kama vile zege lenyewe limebeba bunduki. Tulicheka wote, na kicheko kilisaidia, maana chumba kilikuwa kimejaa woga.

Kilichonitisha mimi ni namba. Dada huyu aliandika kwamba chemchemi inatoa 1,250 l/s. Kwa Kifaransa ule mkato, virgule, unatenga namba nzima na sehemu zake: lita moja na robo kwa sekunde. Kwa Kiingereza kazi hiyo inafanywa na nukta, na mkato unatenga maelfu. Jaji wa Kampala angesoma lita elfu moja mia mbili na hamsini kwa sekunde. Huo ni mto, na mwenye mto ndani ya mtaa hana haja ya tangi. Angefikiri hawa watoto hawajui kupima, au wanadanganya. Na simu, ambayo ilitafsiri maneno yote, namba iliiacha vile vile.

Nilimwambia: « Dada, weka karatasi chini. Nieleze kwa Kiswahili kama unamweleza mama yako. Mulifanya nini? »

Alinyamaza kidogo, akamtazama mwalimu wake kama mtu anayeomba ruhusa. Kisha akasema: « Yaya, tuliweka bidoni ya lita 20 chini ya bomba. Tukahesabu. Ikajaa kwa sekunde 16. Tukarudia mara kumi kwa siku, kwa siku sita. »

Mimi nikaona kazi imekwisha. Hizo sentensi fupi zilikuwa ndizo njia ya utafiti, wala hazikuhitaji Umoja wa Mataifa. Tukazigeuza moja moja kwa Kiingereza na kila moja ilikubali bila kuvunjika. Lita 20 kugawa kwa sekunde 16 ni 1.25. Kwa siku nzima inatoa lita elfu 108, sawa na bidoni 5400, kama kuna mahali pa kuzihifadhi usiku. Hapo hata mimi wa redio nilielewa kwa nini wanataka tangi.

Mwalimu hakufurahi. Alinivuta kando. « Kaka, tunawafundisha kupanda juu, wewe unawarudisha kwa Kiswahili? Kiswahili hakina maneno ya kisayansi. » Nusu ya maneno yake ni kweli. Siku ile tulipoteza robo saa tukibishana kama « mtiririko » unatosha kwa « débit ». Lakini mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili, anaandika kwa Kifaransa na kutafsiriwa na simu kwa Kiingereza, amevuka mito miwili, na kule ng'ambo hajui tena alichokuwa amebeba. Nilimwomba mwalimu aniachie mpaka jumamosi ya pili. Aliniachia, ingawa kwa uso wa mtu anayekopesha pesa.

Jumamosi ya pili tuligombana juu ya sentensi ya mwisho. Kundi lile liliandika kwamba kazi yao imethibitisha kuwa shida ya maji ya mtaa ule sasa imekwisha kabisa. Nikawauliza mulipima mwezi gani. Mwezi wa kwanza, wakanijibu. Katikati ya mvua. Na mwezi wa saba, wakati wa kiangazi? Kimya.

Hapo nikalazimika kuwasimulia jambo ambalo sipendi kulisimulia. Miaka michache iliyopita nilipokea tangazo kwa Kiingereza juu ya maporomoko ya udongo. Lilisema familia zinazoweza kufika 200 huenda zikaathirika. Nilikuwa na haraka, habari inaingia dakika kumi baadaye. Nikasoma hewani: familia 200 zimeathirika. Kesho yake asubuhi watu walijaa mbele ya mlango wa redio wakiuliza orodha ya msaada iko wapi. Mzee mmoja alikuwa ametembea toka Bagira. Sikuwa na orodha, sikuwa na msaada, nilikuwa na neno moja dogo, « huenda », ambalo niliruka.

Waliandika upya: vipimo vyetu vinaonyesha kwamba, katika siku sita za majira ya mvua, chemchemi ingeweza kujaza tangi, kiangazi bado hakijapimwa. Msichana alinung'unika kwamba sasa kazi inaonekana ndogo. Nilimwelewa. Mbele ya majaji kila mtu anataka kufika na ng'ombe, si na kuku.

Juma la mwisho tulifanya mazoezi ya kusema, na huko nilikuwa nyumbani. Kusimama, kupumua, kutosoma maandishi ukutani huku umewapa watu mgongo. Tatizo likawa zile sekunde. Kila mara aliposema « sixteen », mkia wa neno ulimezwa na sisi tulisikia « sixty ». Sekunde sitini kwa bidoni moja ni theluthi ya lita kwa sekunde, hesabu yote inaanguka. Nikampa dawa ya redio: taja namba, kisha taja tarakimu zake moja moja, moja, sita. Alifanya zoezi hilo mpaka dada yake mdogo nyumbani akaanza kumwigiza.

Siku yenyewe umeme ulikatika mara mbili na tuliendelea na betri ya gari la mwalimu. Alisema kwa dakika nane. Kiingereza chake hakikuwa cha Uingereza, lakini hakuna aliyemuuliza amesema nini. Jaji mmoja alimuuliza: na kiangazi? Nikaona mikono yake inatetemeka mezani. Akajibu kwamba hawajui bado, na kwamba hawataweza kuamua ukubwa wa tangi kabla ya kupima mwezi wa saba. Jaji akaandika kitu.

Hawakupata nafasi ya kwanza. Pesa zilikwenda kwa kundi la inchi nyingine, na vijana wetu walipata barua ya kuwaalika kurudi mwaka utakaofuata na vipimo kamili. Mwalimu alinishukuru, akaongeza kwamba jumamosi zijazo tutaanza na Kiswahili « lakini kwa dakika kumi na tano tu ».

Mwishoni mwa mwezi wa saba, nikiwa studioni, simu yangu ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa yule dada: « Yaya, leo bidoni imejaa kwa sekunde 28. Ni 0.71. Nimeweka nukta. »