Milimita Tatu

Baiskeli yangu haina kiti. Hakikuibiwa wala hakikuvunjika, ndivyo ilivyotengenezwa, na kusema kweli nimechoka kueleza. Watoto wa mtaani kwetu huku Majengo, Mombasa, huniuliza kama nangojea mwisho wa mwezi ndio nikinunue. Mama huiita "yule mbuzi". Siku akinikasirikia husema basi huyo mbuzi akuoe, maana naona ndiye unayemsikiza.

Ni baiskeli ya traiali, mchezo wa kupanda mawe, kuta na mapipa bila kuweka mguu chini. Ulitokana na mchezo kama huo wa pikipiki. Kule Catalonia, Pere Pi, mtu wa pikipiki za Montesa, alimtengenezea mwanawe Ot baiskeli ya kufanyia mambo yaleyale bila injini, na huyo mtoto akaja kuwa bingwa wa dunia. Mimi niliujua kupitia njia waliyoujulia wengi wa rika langu: ile video ya 2009 ya Danny MacAskill, kijana wa Skye aliyekuwa fundi wa baiskeli dukani Edinburgh, akipita na magurudumu mawili juu ya ua wa chuma wenye ncha. Nilikuwa shule ya msingi wakati ule inatoka, na niliiona miaka mingi baadaye kwa simu ya binamu. Nilipoikuta baiskeli ya aina hiyo kwenye mitumba ya Kongowea, ya inchi 26, imelalia rundo la baiskeli za watoto zilizotoka Ulaya, muuzaji alifikiri ni mbovu. Kiti hakipo, gia ni moja tu. Akaniuzia kwa bei ya ubovu na kunitupia kopo la vipuri vilivyokuja nayo.

Ninachotaka kufanya nayo si kupanda mapipa. Nataka manuali. Manuali ni kuliinua gurudumu la mbele na kwenda kwa la nyuma peke yake, bila kupiga pedali hata moja. Ukipiga pedali hiyo ni wili, na wili kila mtu wa boda anaijua, inabebwa na nguvu. Manuali haina cha kuibeba. Unashuka kidogo, unasukuma usukani mbele huku makalio yanarudi nyuma kama mtu anayetafuta kigoda gizani, kisha unabaki pale, kiuno kinaenda na kurudi, kidole kimoja juu ya breki ya nyuma kuchunga usipinduke. Ukifanya vizuri hakuna sauti. Hilo ndilo lililonikamata.

Sasa, mtu angedhani baiskeli ya traiali ndiyo rahisi kwa jambo hili. Toka ekseli ya nyuma mpaka katikati ya krenki, yangu ilikuwa milimita 380. Baiskeli ya kawaida ya milimani huwa na 430 hivi. Nyuma ikiwa fupi, mbele inainuka upesi, si ndiyo? Inainuka, ndiyo, kama mlango uliopigwa na upepo wa kusi, na inaendelea kuinuka mpaka ikuweke chali. Krenki zake zimekaa juu ya mstari wa ekseli, kwa hiyo unasimama juu ya baiskeli, si ndani yake. Kwa mtu anayerukaruka na gurudumu la nyuma juu ya jiwe, hiyo ni dawa. Kwa anayetaka kukaa mahali pamoja kati ya kuanguka mbele na kuanguka nyuma, nafasi yenyewe ni nyembamba mno.

Na kuanguka kwangu kuna bei. Nilitoka chuoni mwaka wa tatu wa uhandisi, karo ilipokatika, na tangu hapo nakula kwa viganja: naandika makala za watu, maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, na zamani, kabla mashine hazijaanza kuandika bure, insha za wanafunzi wa nchi za mbali ambao leo wana digrii. Nalipwa kwa neno. Kiganja kikivunjika hakuna bima wala likizo, kuna Mama na mahamri yake ya alfajiri tu.

Kulikuwa pia na mnunuzi. Mtu wa Nairobi aliyeiona picha yake kwenye kundi la WhatsApp, akaniandikia kwamba atatoa 22,000, ila kwa sharti: isiguswe. Aitaka vilevile, na rimu yake ya nyuma vilevile. Tulikuwa na deni la nyumba la miezi miwili. Nilimwambia nipe wiki mbili nifikirie. Mama hakusema kitu. Aliacha tu kuiita mbuzi, na hilo likaniuma kuliko maneno.

Nilianza na vitu vinavyorudishika. Shingo ya usukani ilikuwa ndefu, inakuvuta mbele, kwa sababu mchezaji wa traiali hutaka uzito juu ya gurudumu la mbele. Ndani ya lile kopo kulikuwa na nyingine fupi na ya juu. Nikaifunga, nikaurudisha usukani nyuma kidogo. Mara ya kwanza niliurudisha sana, na baada ya jioni moja viganja vikawaka hata kugonga herufi nikashindwa, basi nikausogeza tena mbele upana wa kidole. Upepo wa tairi la nyuma niliupandisha toka pauni 20 hadi 32. Tairi laini linashika jiwe vizuri, lakini kwenye kabro linayumba kama godoro na kukunyima mwendo.

Mwendo ndio ulikuwa shida kubwa. Mbele meno 18, nyuma meno 15: krenki ikizunguka mara moja unaenda mita mbili na nusu tu. Miguu inazunguka kama cherehani na bado mtoto mwenye BMX anakupita. Manuali ya polepole ni ngumu, kila kosa dogo la kiuno linaonekana. Kwenye kopo kulikuwa na gia ya nyuma ya meno 12. Hiyo ingenipa zaidi ya mita tatu.

Ila ukipunguza meno, mnyororo unalegea, na dawa ya kawaida ni kulivuta gurudumu nyuma. Mimi sikutaka lirudi nyuma hata kidogo. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya tokeni za stima. Meno matatu yakiondoka, mnyororo unabaki na ziada ya kipande kimoja na nusu. Nikitoa vipande viwili, kimoja cha nje na kimoja cha ndani, nitapungukiwa na nusu kipande, na kwa kuwa mnyororo una njia mbili, juu na chini, gurudumu litasogea robo tu. Kipande ni milimita 12.7. Robo yake, milimita tatu na ushee, tena kwenda mbele. Mwanya kati ya tairi na fremu ulikuwa milimita tano. Hesabu ya darasa la nane hii, lakini niliikagua mara nne, kwa sababu fundi wetu angenicheka mtaa mzima.

Fundi ni mzee wa Majengo aliyekula chumvi nyingi juu ya Black Mamba, zile nyeusi za breki za fimbo. Aliichunguza yangu kwa muda mrefu.

"Kijana, friwili yake iko mbele?"

"Ndiyo, Mzee."

Akazungusha gurudumu, mnyororo ukaenda huku krenki zimesimama. Akacheka. "Hii haina adabu."

Gia ya zamani ilikuwa imejikaza kwa miaka ya mtu mwingine kuirukia. Hana kifaa chake, lakini alichukua kipande cha mnyororo mkuukuu, akakizungusha juu ya meno, akakifunga kwenye bomba la maji, akaniambia nishike rimu kama ninavyoshika maisha. Ikalia, ikaachia. Tukafunga ile ndogo, tukakata mnyororo, tukasogeza ekseli na vile vibati vya umbo la konokono vinavyoikaza kila upande. (Hapo mahali pa fremu panaposhika ekseli, Waingereza wanapaita kwa neno lilelile wanalomwita mtu aliyeacha chuo. Nimemweleza fundi, hakuona kinachochekesha.) Nikapima: 377. Sitadanganya kwamba nilizihisi hizo tatu. Nilichohisi ni mwendo.

Kisha ikabaki breki, na breki ndiyo iliyokuwa na mnunuzi ndani yake. Ni Magura HS33, ya maji, inabana rimu badala ya diski. Wachezaji wengi huzijaza maji matupu badala ya mafuta ili zijibu haraka; kwenye baridi yao inabidi wachanganye dawa yasigande, hapa Mombasa hilo halina mtu wa kulihofia. Mwenye baiskeli wa kwanza alikuwa ameikwaruza rimu kwa grainda ili breki ing'ate kama mamba. Kwa kusimama juu ya ukuta, safi. Kwa manuali ni balaa: unataka kugusa tu, kama anayejaribu joto la chai, nayo inafunga papo hapo na mbele inaporomoka.

Nilijaribu kusogeza mkono wa breki karibu na kidole, nikapunguza mwanya wa pedi. Haikutosha. Kilichobaki ni msasa. Na rimu iliyolainishwa si ile aliyoitaka mtu wa Nairobi.

Nilikaa nayo barazani usiku mmoja, imepinduliwa, nazungusha gurudumu nasikia ule mkwaruzo. Mama akatoka na unga mikononi, akauliza, "Ile ya elfu ishirini na mbili ndiyo hii rimu?" Nikasema ndiyo. Akauliza nadhani itachukua muda gani kuisugua. Nikasema usiku kucha. Akasema basi niisugue upande wa jikoni, nisimjazie vumbi la chuma kwenye unga. Sikumuuliza zaidi. Asubuhi nilimwandikia mnunuzi kila kitu nilichobadilisha. Akajibu 12,000. Sikumjibu. Nyumba tulilipa mwezi mmoja, wa pili mwenye nyumba ametupa mpaka tarehe kumi, na nimechukua kazi ya kuandika maelezo 80 ya mashuka.

Jioni huenda Mama Ngina, kabla watu wa mihogo hawajajaa. Wiki iliyopita nilitoka mbuyu mmoja mpaka mwingine, kidole kikagusa breki mara tatu na mara zote tatu mbele ikashuka kidogo tu, ikabaki hewani. Bado inanivuta kushoto. Nafikiri ni spoki. Fundi amesema nimpelekee Jumatatu, na nisisahau shilingi zake 300 za ule mnyororo.