Hatia ya Asiyekusudia

Juzi wajukuu zangu wawili walibishana barazani, hapa Ngamiani, hadi taa za jirani zikazimwa. Kisa ni Spider-Man, yule wa vitabu vya katuni vya Marekani anayewaandama waovu bila kutumwa na serikali. Katika toleo la 121, la mwaka 1973, adui yake alimtupa mchumba wake, Gwen Stacy, kutoka darajani. Spider-Man akamnasa mguuni kwa utando wake. Kule kuzuiwa ghafla kukamvunja shingo. Tangu hapo hajaacha kujilaumu. Mkubwa alishikilia kwamba muuaji ni aliyetupa. Mdogo akasema ni aliyedaka.

Niliona wanalibebesha neno hatia mizigo miwili. Mahakamani, hatia ndiyo anayotiwa mshtakiwa. Lakini shina lake la Kiarabu ni kukosea tu, hata kwa mshale uliokosa shabaha.

Nikawatajia Sura An-Nisaa, aya ya 92. Aliyemuua muumini kwa kukosea humwacha huru mtumwa, na huwalipa diya jamaa wa marehemu, ila wakisamehe; asiyempata mtumwa hufunga miezi miwili mfululizo. Hawekwi pamoja na aliyekusudia, wala haambiwi aende zake akalale. Kwangu hilo lina huruma kuliko majuto ya Spider-Man, yasiyo na ukomo wala yasiyomlipa mtu (isipokuwa wauza vitabu).

Mdogo akauliza, “Babu, na aliyekuwa akiokoa, naye afunge?”

Nikamwambia kesho tutamuuliza maalimu.