Mkono Unaorudi Mtupu

Baba alipopata kiharusi, zamu ya usiku ikawa yangu. Dada alikaa naye mchana, mimi kuanzia saa 3 usiku. Usingizi haukuja, basi nikawa nafungua kompyuta na kucheza Opus Magnum, gemu ya mwaka 2017 ambamo wewe ni mwanaalkemia na kazi yako ni kuunda mashine. Unapanga mikono ya chuma kwenye ubao wa vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki, kisha unaiandikia amri moja moja: shika, zunguka, achia, rudi. Bidhaa 6 zikitoka, umefaulu. Hakuna adui, hakuna saa inayokukimbiza. Ila mwishoni unaonyeshwa hesabu tatu, gharama, eneo na idadi ya hatua, na hapo ndipo wengine tunapokosa kulala kabisa.

Usiku ule nilikuwa nageuza risasi kuwa dhahabu. Kila tone la zebaki hupandisha metali daraja moja: risasi, bati, chuma, shaba, fedha, dhahabu. Matone 5 kwa kila dhahabu, 30 kwa kazi nzima. Mkono wangu ulitumia hatua 4 kwa kila tone. Nilisogeza hiki, nikahamisha kile, hesabu ikagoma kushuka.

Sikujua kuwa baba yuko macho. Alifanya kazi miaka mingi kwenye korona ya mkonge kule Tanga, na nilipokuwa mdogo alipenda kusema kwamba mashine haipaswi kumsubiri mtu. Sasa aligonga kitanda kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akanyoosha kidole kwenye kioo. Akakipeleka, akakirudisha. Kisha akafungua kiganja, akanionyesha.

"Tupu," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza nililolielewa tangu jana yake.

Ni kweli, hatua ya nne ilikuwa safari ya kurudi bila kitu. Niling'oa ule mkono nikaweka wa ncha sita, ghali zaidi, unaozunguka upande mmoja tu: ncha moja ikiachia zebaki, inayofuata tayari iko juu ya tone jingine. Hatua 4 zikawa 3. Tuliitazama ikizunguka muda mrefu, na baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Asubuhi nilimlisha uji. Kazi hiyo ilichukua karibu dakika 40, na nakiri nilikuwa nimeshaanza kuihesabu. Kazini walishanionya kwa kuchelewa. Nikachukua kijiko cha pili, kimoja kikiwa mdomoni, kingine tayari kimejaa. Cha kwanza akameza. Cha pili akameza. Cha tatu kilimpalia.

Alikohoa mpaka macho yakatoka machozi. Nilimwinua, nikampiga mgongoni, nikamwita dada kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu. Alipotulia alinishika kifundo cha mkono kwa ule wa kushoto, akaushusha taratibu mpaka ukingo wa bakuli, akaushikilia pale. Sikusema kitu. Naye alikaa tu, anapumua, anameza mate.

Aliponiachia, uji ulikuwa umepoa. Nikaenda kuupasha.