Okapi wa Frankfurt

Frankfurt, Oktoba

Mjomba,

Majani ya huku yamegeuka rangi. Miti niliyoikuta kijani sasa ni ya njano, mingine imekuwa nyekundu kama udongo wa hapo kwako Karatu. Jua nalo halipandi hadi utosini. Linazunguka pembeni mwa anga kutwa nzima, kwa hiyo hata saa saba mchana mnyama anapata mwanga wa ubavuni. Wewe ndiye uliyenizoesha kudamka gizani kuwahi mwanga wa aina hiyo, maana kwetu ikifika saa nne asubuhi kila kitu kimeshapauka. Hapa, mawingu yakikuhurumia, unakuwa nao tangu lango linapofunguliwa. Ndiyo maana nimekwenda na kamera kwenye bustani ya wanyama.

Bustani yenyewe ilianzishwa mwaka 1858. Ni ndogo, hekta kumi na moja hivi, katikati ya mji, na treni ya chini ya ardhi inakushusha langoni. Barabara ya mbele inaitwa Bernhard-Grzimek-Allee. Jina hilo unalifahamu vizuri kuliko mimi, kwa jinsi ulivyopitisha watalii pale ukingoni mwa Ngorongoro walipozikwa Grzimek na mwanawe Michael. Mzee huyo aliiongoza bustani hii tangu 1945, ilipokuwa magofu ya vita, hadi 1974. Shirika la uhifadhi lenye ofisi pale Seronera, ndani ya Serengeti, limeanzia hapahapa, na mpaka leo linaitwa kwa jina la mji huu.

Kupiga picha hapa ni kushindana na vioo na waya. Kwenye kioo unaegemeza mdomo wa lenzi kabisa, usiache upenyo, la sivyo utajipiga picha mwenyewe na koti lako. Kwenye wavu unasogea karibu uwezavyo, unafungua lenzi yote, kisha unasubiri mnyama aende mbali na waya upande wa pili. Hapo waya unayeyuka, hauonekani. Nimempata hivyo simba dume, majani ya njano nyuma yake, picha safi. Ungeiona ungesema kapungukiwa manyoya shingoni. Ni simba wa Asia, ambao porini wamebaki msitu wa Gir tu, kule India, na eneo linalopakana nao.

Okapi ndiye aliyenikalisha. Alikuwa anakula matawi, na ulimi wake ni mrefu, mweusi unaoelekea bluu. Akimaliza jani anajipangusa nao hadi jichoni. Masikio hayatulii, moja linasikiliza watoto wa shule, jingine linasikiliza nyuma. Mwili ni kahawia iliyoiva karibu na weusi, mapajani michirizi myeupe, na kamera ikiona giza lile inaongeza mwanga hadi michirizi inaungua. Nikaupunguza kwa mkono, ngozi ikatoka na mng'ao wake.

Okapi wa kwanza Ujerumani aliletwa hapa mwaka 1954. Enzi za Wabelgiji, kituo cha Epulu, kule Ituri, ndicho kilichokuwa kikikamata okapi na kuwasafirisha Ulaya. Ituri watu wanaongea Kiswahili, mjomba. Mtu wa kule na wewe mngeelewana bila mkalimani. Juni 2012 waasi walikivamia kituo hicho, wakaua watu, wakiwemo askari wa wanyamapori, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakaisha. Nilikuwa nayawaza hayo huku nimemlenga huyu wa Frankfurt, mnene, salama, analetewa majani kwa toroli. Sikuweza kumwonea huruma, wala kumfurahia moja kwa moja.

Kisha nikafikiria zile nyavu ninazozifuta kwa lenzi, na jinsi watu wanavyoweza kufutwa vivyo hivyo kwenye mandhari. Akina Grzimek walipokuja Serengeti na ndege yao iliyopakwa milia kama ya pundamilia, walihesabu wanyama na wakapiga filamu. Michael aligongana na tumbusi angani Januari 1959, akafa ana miaka 24. Filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, na dunia nzima ikaijua Serengeti. Sidharau kazi hiyo hata kidogo. Wewe na mimi tumekula matunda yake. Lakini Grzimek aliamini hifadhi haipaswi kukaliwa na watu, hata wenyeji wake, na mwaka huohuo wa 1959 Wamasai wakaondoshwa Serengeti. Nyumbu waliowahesabu hawakufika laki moja; leo wamepita milioni. Kilichowaongeza hasa ni kutoweka kwa sotoka baada ya ng'ombe wa wafugaji kuchanjwa. Yaani nyumbu walipona kupitia zizi la mfugaji, na mfugaji ndiye aliyeambiwa hana nafasi kwenye mandhari ile.

Tangu hapo nikaacha kusubiri waya upotee. Nimewapiga picha bonobo pamoja na vidole vya watoto vilivyogandamizwa kwenye kioo. Nimempiga picha mtunzaji akifagia majani makavu bandani, mnyama akimwangalia. Nadhani hizo ndizo picha za kweli za mahali hapa, na ndizo nitakazochapisha kubwa.

Moja tu sikuipata vizuri, nayo ungeitaka. Kuna jengo la wanyama wa usiku, lina jina la Grzimek pia, ambamo taa zinapunguzwa mchana ili wanyama waamke wageni wakiwepo. Mle ndani nimemwona muhanga! Flashi hairuhusiwi, na ni haki kabisa. Alipita masikio yamesimama, pua inapekua, kucha zinasikika sakafuni, nami nina vivuli tu kwenye kamera. Miaka yote ya udereva wako umemwona mara ngapi?

Nina ombi. Safari ijayo ya kreta, simama pale kaburini unipigie picha ya lile jiwe kwa simu. Usiwaambie watalii wapishe. Na kama kuna vijana wa Kimasai wanapita na ng'ombe wao, waombe ruhusa kwanza, wakikubali nao wawemo.

Msalimie shangazi na wadogo wote.

Mpwa wako